'Si Mbaya': Jibu Lililompa Verlin Asilimia Sifuri

Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi asubuhi, Verlin Haugstad ameinamia sinki la jikoni kwake, kichwa kakilaza upande, anajimiminia maji ya chumvi puani kwa chupa ya plastiki. Maji yanaingia tundu la kulia. Yanatakiwa yatokee la kushoto. Hayatoki.

Anasubiri huku anahemea mdomoni. Mwishowe yanatoka, na pamoja nayo usaha wa kijani na tone la damu. Anafuta sinki, anavaa buti, anakunywa kahawa ambayo hajaisikia harufu tangu mwaka 2011.

"Naijua kwa joto lake tu," anasema. "Ungenipa maji ya mtaro yaliyochemshwa, ningekunywa na kukushukuru."

Mezani pana viti vinne. Vitatu vina vumbi.

Verlin ana miaka 44. Anafanya kazi kwenye maghala ya nafaka ya Norvik, Dakota Kaskazini, mji wa watu mia tatu na ushei. Husimama kwenye shimo la kupokelea, malori yakimwaga ngano. Siku nzima anavuta vumbi, lakini ugonjwa wake haukuanzia kwenye ngano.

Akiwa na miaka 23 alikuwa askari nchini Iraki, dereva wa lori la taka. Kwa miezi kumi na mmoja alipeleka kwenye shimo la kuchomea taka plastiki, betri, matairi na nguo zenye damu, vikamwagiwa mafuta ya ndege na kuwashwa. Moshi ulitanda juu ya mahema. Askari walitema makohozi meusi na kutaniana.

"Kwenda kwa daktari kwa ajili ya mafua? Wangenicheka mpaka leo," anasema.

Alirudi nyumbani na mafua hayo, na hayakuisha. Matundu ya hewa ndani ya mifupa ya uso, ambayo madaktari huyaita sinusi, yaliziba na kuoza. Alipasuliwa mara moja, akapumua vizuri kwa msimu mmoja wa joto, kisha vumbi likaziba tena. Daktari akamwambia aondoke kwenye ngano, au azoee kuishi hivyo.

Ndipo akaomba mafao ya ulemavu ya askari wa zamani. Siku hizi mtu kama yeye hahitaji kuthibitisha kwamba moshi ulimdhuru; sheria imekwishalikubali hilo. Kinachobaki ni kueleza ugonjwa unamwangusha mara ngapi kwa mwaka. Zikizidi sita, anahesabiwa mlemavu kwa asilimia thelathini, na kulipwa kwa kiwango hicho.

Verlin alikwenda kupimwa na daktari, akasubiri miezi saba. Barua ikaja na jibu ambalo hadi leo analisoma kwa mshangao. Ni kweli unaumwa. Ni kweli uliupata jeshini. Asilimia sifuri.

Aliipeleka kwa Merle Tveit, ofisa wa wilaya anayewasaidia askari wa zamani kujaza fomu, mzee aliyepigana Vietnam na ambaye hana subira na mtu. Merle aliisoma ripoti ya daktari mpimaji mstari kwa mstari.

"Daktari alikuuliza unajisikiaje. Ulimjibu nini?"

"Nilimwambia tu… si mbaya."

"Si mbaya!" Merle akapiga meza. "Kijana, umeendesha gari maili mia na ishirini, kichwa kinakupasuka, ukaenda kumwambia mtu wa watu si mbaya?"

"Sasa ningesemaje? Alinisalimia."

"Hakukusalimia, bwana! Alikuwa anakupima!"

Daktari hakukosea. Aliandika alichoambiwa: mgonjwa anasema hali si mbaya.

Watu wa nyanda hizi ndivyo walivyo. Mashine imekata kidole, si mbaya. Mvua ya mawe imemaliza shamba zima, ingeweza kuwa mbaya zaidi. Na sisi tunaosema Kiswahili hatuna haki ya kuwacheka. Ni wangapi tumeitikia "sijambo" tukiwa kwenye foleni ya hospitali, au "nzuri" huku tunatoka mazikoni? Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Verlin ameumbuliwa mapema, na karatasi.

Dai linaweza kufunguliwa upya kukiwa na ushahidi mpya. Merle alitaka barua ya mtu anayemwona Verlin akiumwa.

"Mke?"

"Aliondoka mwaka 2014."

"Watoto?"

"Hatukujaliwa."

"Yule mwenzako wa kwenye lori la taka?"

"Dobbs? Ameshakufa."

"Jirani, basi."

"Majira ya baridi wanahamia Arizona, kwenye joto."

Merle aliweka kalamu chini. "Sasa nani anakujua ukiwa mgonjwa?"

Swali hilo, Verlin anasema, lilimuuma kuliko ile sifuri. Alikaa ndani ya gari nje ya jengo la mahakama, iliko ofisi ya Merle, nusu saa bila kuwasha injini.

"Niliwaza, siku nikifa watajua kwa sababu malori yamepanga foleni," anasema.

Ilimchukua siku tatu kupata ujasiri wa kumuuliza LaVonne Kjelstad. LaVonne, miaka 63, mjane tangu Novemba, ni karani wa mizani kwenye kibanda cha getini. Wamefanya kazi pamoja miaka kumi na mmoja na hawajawahi kula meza moja. Huzungumza kwa redio koli: namba ya lori, uzito, basi. Verlin alimuuliza kama amewahi kuona kwamba anaumwa.

"Kuona?" LaVonne akajibu. "Verlin, mimi nakusikia unavyohema siku nzima. Unabonyeza kitufe kabla hujapata la kusema. Nilidhani unajua."

Tena ana kalenda. Siku ambazo masikio ya Verlin huziba asisikie redio, yeye ndiye hutoka kwenye baridi kuwapungia mkono madereva, na kila siku ya namna hiyo aliiandikia herufi V.

"Nilitaka siku moja nimlalamikie meneja," anasema. "Sikulalamika."

Kwa hesabu ya kalenda hiyo, mwaka jana pekee ugonjwa ulimwangusha Verlin mara kumi na moja.

LaVonne aliandika barua kwa mkono. Merle aliirudisha mara ya kwanza, kwa sababu ilianza hivi: "Verlin si mbaya kufanya naye kazi."

Alhamisi ijayo Verlin atapimwa upya. Akipewa thelathini atapata zaidi ya dola mia tano kwa mwezi, na ataweza kuomba kulipiwa mafunzo ya kuendesha mtambo wa maji wa mji. Mwendeshaji wa sasa anastaafu Juni. Mshahara wake ni mdogo kuliko wa ngano, ndiyo maana bila mafao hayo hathubutu kuhama.

"Maji hayana vumbi," anasema. "Hilo tu ndilo nalitaka."

Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya lori la kwanza, LaVonne humfanyisha mazoezi ya kujibu, kwa redio.

"Habari ya asubuhi, Verlin?"

Inasikika pumzi. "Si… Kichwa kinauma tangu Jumapili. Usaha ni wa kijani. Jana nililala na buti zangu, hata kula sikula."

"Vizuri sana!"

"Ni daktari gani huyo anayefurahi hivyo?"

LaVonne anacheka, na kicheko chake kinakwaruza kwenye redio. Verlin anatabasamu peke yake shimoni. Kisha anauliza jambo ambalo hajawahi kumuuliza katika miaka kumi na mmoja.

"Na wewe, LaVonne? Habari yako?"

Lori la kwanza linakata kona kuingia getini.

"Si mbaya," LaVonne anasema.

Verlin anafuta pua kwa mkono wa koti, anabonyeza kitufe.

"Lori lisubiri," anasema. "Nakuuliza tena."