Anapiga Pasi, Jirani Wanabishania Nyimbo Zake

Mvuke unapanda kutoka kwenye kola ya shati jeupe na kumfunika uso. Mzee Kibwagizo hafuti jasho. Anaigeuza kola, anapitisha pasi upande wa ndani, kisha anatulia kidogo na kusikiliza. Nyuma ya ubao unaotenganisha duka la dobi na kibanda cha kinyozi, watu wanambishania yeye.

"Nyimbo zake za mwanzo, sawa, namvulia kofia," inasema sauti nzito. "Lakini kuanzia albamu ya tano? Alikuwa anatupunja."

"Ya tano ina nyimbo mbili nzuri."

"Nzuri kwa nani? Kwa viziwi?"

Kicheko kinapasuka. Mashine ya kunyolea inanguruma. Mzee analitundika shati kwenye waya na kuvuta jingine kutoka kwenye beseni.

"Huyo mwenye sauti nzito tunamwita Redio," anamwambia mwandishi kwa utulivu, kama mtu anayemtambulisha mgeni kwa jamaa zake. "Ni mlinzi wa zamu ya usiku. Asubuhi, badala ya kwenda kulala, anakuja hapa kunizika."

Ana umri wa miaka sitini na minne. Jina la Kibwagizo alipewa na wenzake wa bendi ujanani, kwa kuwa alikuwa akifika mazoezini na kibwagizo peke yake, beti zikiwa bado njiani. Ametunga nyimbo zaidi ya mia mbili. Nyingine zilitoka katika albamu tisa za bendi yao, ambayo ilishavunjika. Nyingine aliziuza kwa waimbaji waliozitoa kwa majina yao, zikaenda na maji.

Wanaobishana wanajua kwamba yupo hapo hapo, mkono mmoja kutoka kwao. "Zamani walikuwa wananong'ona," anasema. "Siku hizi wamenizoea. Wananijadili kama marehemu, na marehemu mwenyewe ndiye anayewanyooshea suruali."

Mshahara wake unatosha kodi ya vyumba viwili na chakula cha kawaida. Dawa ya miguu inayovimba kwa kusimama hununuliwa na binti yake, muuguzi, ambaye anaishi naye pamoja na watoto wake wawili. Pasi ameishika kwa miaka kumi na moja sasa. Kabla ya hapo alikuwa mwanamuziki, na kabla ya hapo, anasema, alikuwa mtu mwenye usingizi mzuri.

Mabishano ya kwa kinyozi hayana mwisho kwa sababu kila upande una hoja. Kinyozi, mwanamume mnene asiyeweza kunyoa bila kuongea, anashabikia bendi za vijana zinazojirekodi zenyewe vyumbani, bila mfadhili wala kampuni. Redio anaziita bendi za chumbani, na hakusudii sifa.

"Wanaimba kama watu wenye mafua," anasema Redio. "Mpiga ngoma anagonga kama anaogopa kumwamsha mtoto. Chema chajiuza, kaka. Hawa wanajitembeza kwenye simu usiku na mchana."

"Angalau hawaimbi kwa kutumwa," anajibu kinyozi. "Mzee wako huyo aliimbia kila aliyebisha hodi. Wewe mwenyewe ndiye unayesema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sasa unataka kumsifia nini?"

"Namsifia alipokuwa hajalitia maji!"

Hapo ndipo Mzee Kibwagizo anapoiweka pasi wima na kunyoosha mgongo. Kuhusu hayo maji, yeye ana maelezo, ingawa hakuna aliyewahi kumuuliza.

Msikilizaji wake wa kwanza alikuwa mkewe. Wimbo wowote ulipozaliwa, uliimbwa kwanza jikoni, yeye amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mke akiendelea na kazi zake. Ukimgusa, mama huyo aliacha kazi. Usipomgusa, aliongeza kelele za sufuria.

"Hakuwa msomi wa muziki," anasema. "Alikuwa mtu wa kuchoka haraka. Nikianza kujirudia, anachoka. Hiyo ndiyo ilikuwa shule yangu."

Kisha figo za mke zikaanza kuharibika. Matibabu yalikuwa ya kila wiki, na ya miaka. Mzee akaanza kutunga kwa oda: nyimbo za harusi za watu asiowajua, za uchaguzi, za kutangaza magodoro. Alizitunga kwenye benchi la hospitali, akisubiri mke atolewe kwenye mashine ya kusafisha damu. Bendi nayo ikitaka albamu, aliwapa yaliyobaki kichwani. Albamu ya tano, ya sita na ya saba ni za miaka hiyo.

"Jikoni hakukuwa na mtu tena," anasema. "Na hata alipokuwa na nafuu, nilimwonea huruma. Utamwimbiaje mgonjwa umuulize kama ni nzuri? Atasema nzuri ili ukalale."

Mke alifariki. Albamu mbili zilizofuata hazikusikika sana. Bendi ikafa kifo cha polepole: mmoja alihama, mmoja aliokoka, mmoja aliuza gitaa. Mzee akatafuta kazi, na mama mwenye duka la dobi akampokea kwa kuwa, anasema mama huyo, "alikuwa na mkono mtulivu na hakuuliza maswali mengi."

Hakutunga tena. Binti yake anasema nyumba ilikuwa shwari hivyo. "Nilikulia kwenye nyimbo zile wanazoziita takataka," anaeleza akiwa bado na sare ya kazini, akivua viatu kwa kisigino. "Nyimbo za magodoro ndizo zilizomweka mama yangu hai mpaka nikamaliza shule. Halafu nampitia baba kazini nasikia watu wanacheka. Nilimwambia, baba, hamia duka lingine. Akaniambia, mama, kote kuna vinyozi."

Mwaka jana ndipo alipofika dukani msichana mwenye gitaa mgongoni na mfuko usio na nguo za kufua. Ni mwimbaji wa bendi ya vijana watatu iitwayo Kuta Nne, mojawapo ya zile za chumbani. Mchana anauza vipuri vya pikipiki.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nguo ziko wapi?"

"Sina nguo. Nataka wimbo."

Mzee alimwambia aende kwa kinyozi, huko nyimbo zimejaa. Msichana hakucheka. Alisema amesikiliza albamu zote tisa, nzuri na mbaya, na hataki wimbo wa zamani. Anataka mpya. Mzee akamjibu kwamba kisima kimekauka. Msichana akarudi wiki iliyofuata, na nyingine, safari hizi akiwa na nguo kweli, maana mama mwenye duka alishaanza kuguna.

"Nilimwonea haya," anasema Mzee. "Mtu anafua shati safi ili azungumze na wewe."

Alianza kutunga akiwa kazini, kichwani, bila kuandika. Kwenye koti la mtu alipata mstari. Kwenye mashuka ya nyumba ya wageni akapata ubeti mzima. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka alijikuta anatembea kwenda nyumbani huku midomo ikicheza. Binti alipogundua, walikosana. Alimwambia atakuwa anawapelekea watu kisu cha kumchinjia.

Wimbo ulipokuwa tayari, aliwaimbia Kuta Nne katika chumba wanachofanyia mazoezi, magodoro yameegemezwa ukutani kuzuia sauti isitoke. Alipomaliza, mpiga besi alipiga makofi. Mpiga ngoma naye. Msichana alikuna tu shingo ya gitaa.

"Baba, nisamehe," alisema mwishowe. "Huu ni wimbo wako wa zamani, umevaa koti jingine."

"Koti gani?"

"Kibwagizo ni kile kile cha albamu ya pili. Beti zinazunguka. Ulipofika ubeti wa tatu nilikuwa nawaza vipuri."

Mzee alichukua kofia yake akatoka. Hakumuaga mtu. Nyumbani hakula, akasema tumbo. Anakiri kwamba alimchukia msichana yule kwa siku kadhaa, na kwamba hasira ilimpa nguvu za kupiga pasi kuliko chai. Alichoma suruali ya mteja, jambo ambalo halikuwahi kutokea kabla, na mama mwenye duka akamkata mshahara.

"Halafu ikanijia," anasema. "Watu wote wanaonisema, wananisema nyuma ya ubao. Wanaonisifu, wananisifu usoni. Huyu mtoto amenitazama machoni akaniambia amechoka. Mara ya mwisho mtu kunifanyia hivyo alikuwa mke wangu."

Alirudi katika chumba cha magodoro. Hakuomba radhi, wala hakuombwa. Aliutupa wimbo wote akabaki na mistari miwili kuhusu nguo za watu wengine: jinsi mtu anavyojua jasho la jirani, makovu ya nguo zake, mifuko yake iliyotoboka, na asijue sauti yake. Kila alipoleta ubeti, msichana aliukubali au aliukataa. Nyingi alizikataa. Walibishana kuhusu neno moja mpaka mpiga ngoma akalala juu ya ngoma zake.

Kuta Nne waliuimba wimbo huo Jumapili moja alasiri, kwenye ukumbi wa shule. Viti vingi vilikuwa vitupu. Kinyozi alifunga kibanda akaja. Redio alikuja pia, amechomekea, na shati lake, anasema Mzee, lilikuwa limenyooshwa na mtu anayejua kazi.

Binti alikuja dakika ya mwisho, akakaa kiti cha nyuma karibu na mlango, kama mtu aliyejiandaa kuondoka.

Wimbo ulianza taratibu. Mpiga ngoma aligonga kwa woga wake ule ule. Msichana aliimba bila mbwembwe, macho chini. Kwenye ubeti wa tatu Mzee alisikia kosa lake: mstari mmoja ni mrefu kuliko pumzi ya mwimbaji. Alifumba macho. Anasema hakusikia furaha aliyoitarajia. Alisikia uchovu mkubwa, ule wa mtu aliyefika na mzigo na kuambiwa sasa anaweza kuutua.

Makofi yalikuwa ya wastani. Ngazini, kabla watu hawajatawanyika, mabishano yalishaanza.

"Mzuri, lakini si kama wa mwanzo," alisema Redio.

"Wewe hata malaika akiimba utasema si kama wa mwanzo!" alifoka kinyozi.

"Ubeti wa tatu unalegea. Bisha."

Kabla kinyozi hajabisha, Mzee aliyekuwa akishuka ngazi kwa kushika ukuta alisema, "Ni kweli. Unalegea."

Wote wawili wakamgeukia. Katika miaka yote ile hakuwahi kutia neno. Redio alitazama viatu vyake. Kisha akamuuliza, kwa sauti ambayo kinyozi anaapa hajawahi kuisikia kwake, "Na ile albamu ya sita, mzee, ilikuwaje?"

Mzee akakaa kwenye ngazi, miguu ilikuwa imeshachoka, akamweleza. Hospitali, benchi, mashine, magodoro. Redio alisikiliza mpaka mwisho, akavuta pumzi.

"Pole sana, mzee wangu. Lakini bado ni mbaya."

"Mbaya kabisa," alikubali Mzee, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akacheka. Binti yake, aliyekuwa amesimama nyuma yao na mkoba wa baba mkononi, alicheka pia, halafu akalazimika kugeukia ukutani kwa muda.

Wimbo huo haujamtajirisha mtu. Unapigwa kwenye simu za watu mia kadhaa, wengi wao marafiki wa Kuta Nne. Mzee bado anaingia dukani kila asubuhi, na mabishano bado yanaendelea kwa jirani, ila sasa kuna siku Redio hugonga ubao na kuuliza, "Mzee, unasemaje hapo?" Mara nyingine Mzee hujibu. Mara nyingine husema ana kazi.

Amemwomba mama mwenye duka, na amekubaliwa, kwamba kuanzia mwezi ujao afanye nusu siku. Mshahara utapungua, na binti amesema watabana matumizi. Kuta Nne wanataka wimbo wa pili. Ameshaanza kuufikiria, ingawa hataki kusema unahusu nini, kwa kuwa msichana wa vipuri bado hajausikia.

"Huu wa kwanza niliutunga wima," anasema, akiyainua mashuka mengine kutoka kwenye beseni. "Unaofuata nataka niutunge nimekaa. Labda utakuwa mzuri zaidi, labda utakuwa mbaya zaidi. Lakini miguu yangu itaupenda."