Tundu la Antena Upande wa Kushoto

Tundu hilo bado lipo kwenye madigadi ya mbele ya gari la baba mkwe wangu, upande wa kushoto, na mpaka leo sijaliombea radhi. Wifi yangu akija kutoka Mbeya hulipitia kwanza kabla hajasalimia watu. Hulitazama, hutikisa kichwa, halafu hunitazama mimi. Namwacha atazame mpaka ashibe. Nililitoboa kwa drili yangu, kwa mkono wangu huu, na mambo yakirudi kama yalivyokuwa nitalitoboa tena palepale.

Gari lenyewe ni saluni nyeupe ya zamani, ile ya boneti ndefu, yenye kiti cha mbele kipande kimoja kutoka mlango hadi mlango. Baba mkwe alilinunua kwa mmisionari aliyekuwa anarudi kwao, wakati ambao mtu mwenye baiskeli hapa kwetu Ipyana alikuwa mtu mkubwa. Limebeba maharusi, wagonjwa, magunia ya mchele, na mara moja ndama aliyevunjika mguu, akiwa kiti cha nyuma na kichwa nje ya dirisha. Halafu macho ya mzee yakaanza kuondoka, kwanza moja, baadaye la pili. Gari likabaki kwenye banda la bati kati ya jiko na kichanja cha kuanikia kakao. Watu wakadhani habari yake imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Kila jioni jua likipoa, mzee alitoka nje akipapasa ukuta, akaufikia mlango wa dereva, akaingia, akafunga, akawasha redio. Ilikuwa redio ya vitufe viwili vya kuzungusha na safu ya vibonyezo katikati, na vidole vyake viliijua kama ulimi unavyojua meno. Alisikiliza kwaya, taarifa ya habari, matangazo ya misiba. Watoto walizoea kusema babu amesafiri, na akizima redio wanasema babu amerudi.

Mwaka ule wa mafuriko, maji ya mto yaliingia mpaka bandani yakalala humo. Yalipotoka, injini tuliiosha ikawaka, viti tulivianika, lakini redio ilikuwa imejaa tope. Wifi yangu, binti mkubwa wa mzee, akaleta redio mpya kutoka Mbeya. Sikatai, alileta kwa mapenzi. Ilikuwa kioo kitupu chenye taa za rangi, haina hata kitufe kimoja cha kushika. Mzee akagusa, ikapiga ngoma. Akagusa tena, ikaongea lugha ambayo hakuna mtu wa nyumba ile aliyeijua. Akapapasa kioo kizima akitafuta pa kuizima. Mwishowe akatoka garini na hakurudi.

Hapo ndipo wifi alipotafuta mnunuzi, mtu wa kukodisha magari ya zamani kwenye harusi. Alisema kipofu na gari wapi na wapi. Mzee akamwambia mama mkwe, "Kama redio haitalia tena, walichukue."

Nilimsikia kupitia ukuta wa jiko. Maneno yake yote nimeyasikia hivyo tangu nilipoolewa, kwa sababu kwetu mkamwana na baba mkwe hawakutani. Hamtazamani, hamli pamoja, hamkai sehemu moja. Nikisikia kikohozi cha Tata, ndivyo wakamwana tunavyomwita baba mkwe, napita nyuma ya migomba. Akiwa na neno kwangu anampa mama mkwe, na mama mkwe ananiletea. Vijana wa mjini wameshayaacha haya, wanakaa na wakwe zao meza moja wanakula chipsi, lakini nyumbani kwetu Ipyana hayajaachwa. Mzee alipopofuka nilimuuliza wifi, sasa haoni, mimi najificha nini? Akanijibu, "Yeye haoni, wewe unaona."

Sasa mimi ni fundi redio. Baba yangu kule Ikolo alikuwa fundi redio, nami nina meza yangu Mbugani, kwenye baraza la duka la vitambaa. Natengeneza simu, ving'amuzi, spika, chochote chenye waya. Miaka yote hiyo nyumba nzima inaniletea vitu vyake vibovu. Lakini redio ya gari ilipokufa, watu walikwenda kutafuta nyingine Mbeya, wakapita mbele ya meza yangu bila hata kugeuza shingo. Sababu naijua. Gari ni la baba mkwe, na mkamwana haligusi. Basi nikasema moyoni, hilo gari haliuzwi, na redio nitaifunga mimi.

Mwenye duka la vitambaa, mzee wa asili ya pwani, alikuwa na redio ya namna ileile stoo kwake, ilitoka kwenye lori lake la zamani. Aliniambia, "Mwanangu, ichukue, ila nitazamie spika za msikitini kabla ya mfungo." Nikazitazama. Redio niliifungua nikakuta kapasita zimevimba na ule uzi unaovuta mshale wa stesheni umeoza. Kapasita nilibadilisha, uzi nikaweka mshipi wa kuvulia. Nilipozungusha kitufe mshale ukatembea, na nilicheka peke yangu barazani mpaka wateja wakaniuliza kuna nini.

Mama mkwe alipopeleka habari ndani kwamba mkamwana anataka kufunga redio, mzee alijibu neno moja, afunge. Wifi alikuwa amekuja kumsubiri mnunuzi, na jibu hilo halikumpendeza. Alichukua mkeka, akaukunja mrefu, akausimamisha katikati ya kile kiti cha mbele kama mpaka wa nchi. "Upande ule ni wa baba," akasema. "Wewe fanyia kazi huku." Nikafanyia kazi huku. Kweli hata mimi nisingekalia kiti chake, ukaidi wangu una mipaka. Ila nilikata shauri kwamba mkeka ule hautalala humo.

Kilichobaki ilikuwa antena. Ya zamani mzee aliibana kwa vibanio juu ya mlango wake, kwa kuwa hakutaka gari litobolewe hata kidogo, nayo kutu ilikuwa imeila. Niliyopata mimi ni ya kufunga kwa nati kwenye madigadi, karibu na kioo cha mbele, ile unayoivuta juu kwa mkono na kuisukuma chini. Mama mkwe akaenda kuuliza, akarudi. "Amekubali litobolewe tundu moja. Amesema upande wa kulia."

Mimi nilikuwa nimelala chini ya dashibodi na waya mdomoni. "Mama, nionyeshe kwa mkono," nikamwambia.

Akasimama mbele ya gari, uso wake ukitazama boneti, akanyoosha mkono wake wa kulia, akapiga madigadi kwa kiganja. "Hapa."

Nikatoboa pale. Nilikwangua rangi kwa chini mpaka bati likang'aa, maana antena bila kushika bati safi inakoroma tu, nikakaza nati, nikapitisha waya. Mtu anayesimama akitazama gari, kulia kwake ni kushoto kwa aliyekaa ndani. Jambo dogo kabisa. Dereva yeyote angeliona, na mwenye gari angelirekebisha kwa neno moja. Mwenye gari alikuwa barazani, hatua chache kutoka nilipolala, na mimi sikuruhusiwa kumuuliza.

Mzee akaja akipapasa ukuta. Nilijibanza nyuma ya gari kama desturi. Akaingia, akakutana na mkeka, akaupapasa, akauacha. Akashika vitufe vya redio, na nikaona mabega yake yakishuka, mtu amefika kwake. Halafu akatoa mkono wa kulia dirishani kuitafuta antena aivute juu. Mkono ukapita juu ya madigadi, ukaenda mbele, ukarudi nyuma. Hakukuwa na kitu.

"Liko wapi tundu?" akauliza.

Wifi ndiye aliyejibu. "Kushoto, baba! Amelitoboa upande usio wake! Nilisema mimi, nilisema!" Mama mkwe akashika kichwa kwa mikono miwili. Wifi akanigeukia. "Piga magoti uombe radhi. Gari limekaa miaka yote bila mchubuko, leo unalitoboa kama ndoo. Mnunuzi atasema nini?"

Magoti nimeyapiga sana katika nyumba ile, asubuhi nikisalimu, nikipokea, nikipeleka, na sijawahi kuyahesabu. Siku ile yalikataa.

Nikamtazama mama mkwe, maana ndiye niliyeruhusiwa kusema naye, lakini sauti niliipandisha ifike dirishani. "Mama, mwambie Tata hivi. Kosa si la drili. Ningeruhusiwa kumuuliza mwenye gari swali moja tu, tundu lingekuwa mahali pake. Kwa hiyo radhi siombi. Na mwambie redio bado sijaimaliza. Kuna skrubu ndogo ya kuilinganisha na antena, inakazwa kwa kusikiliza, na mwenye masikio ya redio hii ni yeye. Mimi nakwenda kuikaza. Anayetaka kuondoka garini aondoke."

Mama mkwe hakufikisha chochote. Hakukuwa na haja, watu wote walikuwa wamesikia, pamoja na kuku.

Nikavuta antena juu. Nikafungua mlango wa kushoto, nikalala sakafuni, kichwa chini ya dashibodi, bisibisi mkononi. Mkeka ulikuwa juu yangu na miguu ya mzee ng'ambo ya mkeka. Nilikuwa nasubiri asikie nimeingia, kisha afungue mlango atoke, na ikiwa hivyo basi gari limekwenda na mimi pengine nimekwenda nalo. Nikasikia kitufe kinabofya. Redio ikaanza kukoroma, na ndani ya mkoromo huo kwa mbali sana kulikuwa na watu wanaimba.

Nikazungusha skrubu.

"Rudisha," mzee akasema.

Nilidhani anaongea na mama mkwe. Mama mkwe naye alidhani hivyo, akaitika, "Nirudishe nini?"

"Sisemi na wewe," akamwambia. "Nasema na fundi. Rudisha kidogo."

Nikarudisha. Waimbaji wakasogea. "Kaza," akasema, nikakaza. "Umepita." Nikarudi unywele mmoja. Mkoromo ukakatika, na kwaya ikajaa garini na kutoka nje mpaka bandani, besi zao zikitetemesha mlango niliouegemea kwa miguu. "Hapo," akasema. "Usiguse tena."

Nilibaki nimelala pale sakafuni nikilia, na sikujali nani anaona.

Wifi hakuwa mtu wa kushindwa upesi. Kwaya ilipomaliza akainamia dirisha la baba yake. "Sawa, imelia. Lakini antena iko kule, wewe uko huku. Hapa kwetu radi inapiga kila mawingu yakikusanyika, huwezi kuiacha juu. Nani atakupandishia na kuishusha kila siku? Au tutoboe jingine upande huu?"

"Gari langu halitobolewi mara mbili," mzee akasema. "Aliyetoboa ndiye atakayepandisha."

"Baba! Mkamwana akae na wewe kiti kimoja? Heshima iko wapi?"

Mzee akaupapasa ule mkeka, akaukunja taratibu, akamkabidhi kupitia dirishani. "Ndani ya gari watu wanatazama mbele," akasema. "Sijaona gari ambalo abiria wanatazamana."

Mnunuzi alifika kesho yake, akaambiwa asante kwa safari. Wifi alirudi Mbeya na kile kioo chake cha taa, na majirani wengine walisema nyumba ile imeharibika, mkamwana anapanda gari na mkwe. Wamesema na wanaendelea kusema. Waseme, bora wasisimame mbele ya antena.

Siku ya kwanza niliingia mlango wa kushoto nikiwa nimefunga kitenge kipya, mikono magotini, shingo imekaza kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Mbele yetu kulikuwa na kichanja cha kakao, kuku, na mama mkwe anapepeta mchele huku akijifanya hatuoni. Nilitazama hivyo vyote. Niliishi nyumba moja na mtu huyu miaka yote hiyo, nikamzalia wajukuu, nikampikia, na uso wake nilikuwa nauiba tu kwa mbali, nusunusu, kati ya migomba. Nikafikiri, nimepandisha sauti, nimelala miguuni kwake, nimelitoboa gari lake. Kilichobaki ni nini?

Nikageuza shingo nikamtazama. Nikamtazama vizuri, paji la uso, kovu dogo chini ya jicho ambalo hakuna aliyewahi kuniambia habari zake, na kidevu cha mume wangu, kilekile, ambacho mwanangu mdogo naye anacho.

"Unanitazama," akasema, uso wake ukiwa mbele.

"Ndiyo, Tata."

Vidole vyake vikatafuta kitufe, vikakishika.

"Haya," akasema. "Pandisha antena, habari inaanza."