Mirija Niliyoimwaga

Siku yangu ya kwanza maabara tulikuwa wanne chumbani. Alikuwepo Dokta Kayuni, Mganga Mfawidhi, mkuu wa kituo chetu cha afya hapa Tunduma. Alikuwepo Bwana Maabara, Jofrei Sikanyika, Mnamwanga, kabila la huku mpakani, mtu wa maneno makali. Alikuwepo Nesi Tabu, dada wa marehemu mume wangu, yaani wifi yangu, ndiye aliyeniombea kazi. Na mimi Mama Eliza, darasa la nne, niliyetoka kufagia wodi kule Ivuna kwenye chumvi. Zilikuwa enzi za ruksa, biashara imefunguliwa, malori yameanza kujaa mpakani, na huku kwetu bado ni mkoa wa Mbeya.

Nilipewa kuosha mirija na kukaa na mashine ya kuzungusha damu. Damu ikizungushwa hujitenga: nyekundu hushuka chini, majimaji hubaki juu. Majimaji hayo ndiyo seramu. Kipimo cha mafuta ya damu hatukuwa nacho, kwa hiyo seramu tuliipeleka hospitali kubwa Mbeya kwa basi, ndani ya chupa ya barafu.

"Sikiliza, Mama Eliza," Bwana Maabara aliniambia. "Mtu wa kipimo hiki anafunga tangu jioni, maji tu. Aliyefunga, seramu yake ni njano safi, unaona kidole chako upande wa pili. Ikiwa nyeupe kama maziwa, huyo amekula. Mwaga, arudi siku nyingine."

Nikawa namwaga. Miaka mingi nilimwaga. Watu walikuwa wakiapa pale kwenye benchi, na Bwana Maabara anawacheka: "Chapati imekuja yenyewe kwenye damu, eh?" Sijasoma sana, lakini jina la mtu likishapita sikioni mwangu halitoki.

Sasa akaja mkwe wangu, mume wa Eliza, mkulima wa kahawa wa Isansa. Jina lake sitalitaja. Nimelelewa kwamba mama hamtaji mkwe wake, na mkwe hali chakula nyumbani kwa mama mkwe. Alikuwa na kitambi, presha na sukari, na akipanda kilima na gunia kifua kinambana mpaka anakaa chini. Dokta Kayuni akaandika apimwe mafuta haraka.

Mara ya kwanza alilala gesti. Seramu maziwa. Nikamwaga. Mara ya pili gesti tena, maziwa tena, nikamwaga. Bwana Maabara akamwita mwongo mbele ya wagonjwa wote. Mtu mzima akainama kama mtoto.

Mara ya tatu Eliza akaja naye. Akasema, "Mama, mume wangu amechoka kutukanwa. Anasema wakimrudisha tena hatakuja, bora afie shambani. Naomba alale kwako."

Wakafika kabla jua halijazama. Mimi nikajifungia jikoni. Kwangu hakugusa hata uji, alikunywa maji tu. Asubuhi alitangulia yeye na Eliza, mimi nyuma hatua kama thelathini, macho mgongoni kwake. Tukapita kina mama wa chai na maandazi. Hakugeuza shingo.

Nikaizungusha damu yake mimi mwenyewe. Mashine iliposimama nikatoa mrija. Maziwa.

Bwana Maabara akauinua mrija dirishani. "Mara ya tatu! Mwaga, Mama Eliza. Na umwambie asirudi kunichezea."

Nikaupokea, nikafika kwenye sinki. Dirishani nilimwona mkwe wangu kwenye benchi, anausugua mkono wa kushoto, jasho linamtoka na asubuhi ile ilikuwa ya baridi.

"Simwagi," nikasema.

"Unasemaje?"

"Hajala, bwana."

"Umejuaje? Ulilala tumboni mwake?"

"Ni mkwe wangu. Amelala kwangu."

Mila hiyo anaijua. Mnamwanga yule, naye ana mama mkwe. Lakini akasema, "Hapa ni kazi, si mila. Mbeya wakiurudisha huu nitagombezwa mimi. Mwaga, au uache kazi."

Nikatoka na mrija mkononi, moja kwa moja ofisini kwa Mganga Mfawidhi, bila kubisha hodi. Nesi Tabu alikuwepo, akashika mdomo. "Wifi! Leo unamtangaza mkwe na tumbo lake?"

Dokta Kayuni akaniuliza saa za kufunga, nikamhesabia. Akautazama mrija. "Mafuta ya chakula huisha kwenye damu usiku kucha," akasema. "Yakibaki hivi kwa mtu mwenye njaa, mwili wenyewe umeshindwa kuyaondoa. Kitambi, presha, sukari na mafuta haya hutembea pamoja, na vinakokwenda ni kwenye mishipa inayolisha moyo." Akaandika kwenye karatasi: amefunga. Mrija ukaenda Mbeya, na mkwe wangu kwa basi lile lile.

Huko walimkuta mshipa wa moyo umebana. Wakamwambia angechelewa kidogo tungemzika. Akapewa dawa, akaacha pombe na nyama ya mafuta. Yupo hadi leo, anapalilia kahawa yake, na bado hali kwangu.

Majibu yaliporudi, Bwana Maabara aliyasoma mara mbili. Halafu akaniita, bila ukali. "Mama Eliza, tumewamwaga wangapi?"

Nikamtajia majina, mmoja mmoja. Alikuwa anaandika, majina yakawa mengi mpaka kalamu ikasimama. Jumamosi tukawatafuta. Mama Sichone wa Isongole tulimpata, akapimwa, akatibiwa. Mzee Nzowa tuliwakuta wanawe. Baba yao tulimrudisha mara mbili. Mara ya pili, walisema, akirudi nyumbani alishuka kwenye gari Vwawa ameshika kifua, akafia pale pale barabarani.

Nilistaafu nikiwa naosha mirija ile ile. Ninyi vijana mnaopima siku hizi mashine inawaandikia kila kitu, hata sukari na lehemu, yale mafuta ya damu, kwa pamoja. Lakini mtu akiwaambia hajala, kaeni naye kwanza, mmuulize.

Haya ni kwa ninavyokumbuka, na mimi ni bibi sasa. Mkiona nimekosea mahali, nirekebisheni. Zaidi wewe wa ukoo wa Nzowa unayesoma haya: kama asubuhi ile, kabla ya kupimwa, baba alikunywa chai, hata kikombe kimoja, njoo uniambie. Nitafurahi sana kusikia nimekosea.