Kanda za Mwanangu Nilizitunza Kama Mbegu

Jamani, mchawi msimtafute, ni mimi. Kalamu siijui, nasema na jirani anaandika, ila aibu ni yangu peke yangu.

Mwanangu, Baba Kabula, anachimba dhahabu Nyarugusu. Wenzake wakipata wananunua ng'ombe, yeye ananunua kanda za video. Ngumi, mapanga, filamu za Kihindi. Machimboni wezi wengi, akajaza gunia zima aniletee kijijini kwangu Didia nizitunze. Katikati ya hizo ngumi mlikuwa na moja ya harusi yake. Mkewe alifariki Kabula bado wa mgongoni. Picha nyingine ya yule mama haipo.

Siku ya kuzileta nikampokea Shinyanga mjini, kwa Mhindi anayemuuzia. Mzee wa watu akanielekeza taratibu: "Mama, weka kabatini. Pakavu. Joto hapana, moshi hapana." Mwanangu naye, mtaalamu, sauti ya puani: "Mayu, zisimamishe kama vitabu." Vitabu mimi nilivisimamisha wapi?

Nikawacheka njia nzima. Wanaume hawajawahi kutunza hata punje! Kabati langu mchwa wameshalila. Lakini mahindi yangu ya mbegu natundika juu ya meko, moshi unayapiga, mdudu hasogei, mvua ikija yanaota yote. Basi kanda nazo nikazipanga huko huko darini, nikazinyunyizia majivu, dumuzi asizitoboe. Tena nikaenda kujisifu kisimani.

Baada ya mavuno mwanangu akaja na tivii, deki na betri ya gari. Kabula amekua, anataka kumwona mama yake. Majirani wakajaa uani. Kuishusha ile kanda ya harusi, imejikunja kama chapati, jivu linamwagika kama ugoro! Akailazimisha ikaingia. Deki ikakoroma, ikatafuna. Kwenye kioo chenga tupu.

  Mwanangu akakaa anauvuta ule utepe kidogo kidogo, kama anayetoa utumbo wa kuku asiupasue.

Kabula akanisogelea. "Bibi, wewe unaigiza sauti za watu wote. Niongelee kama mama."

Nikafungua mdomo. Ole wangu! Sauti ya mkamwana ninayoiweza ni ile niliyokuwa nawachekeshea nayo wenzangu kisimani, kasauti kembamba kanalalamikia chumvi. Ile yake mwenyewe sikuwahi kuisikiliza. Nikakohoa, nikasingizia moshi.

Nyie mliopewa kanda za watoto wenu mzitunze, mbegu zipeni moshi, kanda zipeni kabati, na mwenye kuzijua akikuelekeza, funga mdomo umsikie. Na kama mkamwana wako bado yuko hai hapo jikoni, acha kumwigiza. Mwache aongee.

Kabula hajaniuliza tena. Ila nikianza kumwigiza mtu, watu wakacheka, yeye ananitazama mdomo.