Nilifuta Windows kwenye kompyuta kumi na moja nikisaka kirusi ambacho hakikuwepo (Nyakarenzo, Rusizi)

Wakuu, habari za huko mliko. Nawaandikia kutoka Rusizi, Rwanda, huku ambako ukisimama Mururu unaiona Bukavu ya Congo ng'ambo kama vile unaweza kuigusa.

Humu ndani mimi ni msomaji wa kimya. Ila juzi nimeona uzi wa mwalimu kijana aliyekabidhiwa chumba cha kompyuta na mtaala, na hajui aanzie wapi. Nikasema huyu asiende kuanguka pale nilipoanguka. Nitakayosema yalitokea, hata yale yanayonivua nguo, na mimi si mtu wa kujivua nguo bure.

Kwanza mnijue.

Nimezaliwa Bukavu, wazazi Wanyarwanda waliokimbia zamani. Graduat yangu ya informatique, yaani diploma ya kompyuta ya miaka mitatu, nilijisomesha mwenyewe kwa kuuza mafuta ya taa kwa chupa. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Hakuna padri aliyeniandikia barua. Nilipovuka daraja la Rusizi kurudi nchini, nilikuwa na begi moja na diploma ndani ya plastiki ili isilowe.

Ilikuwa miaka ile ya vita vya pili vya Congo, mkoa ukiitwa bado Cyangugu. Mtu mwenye diploma ya kompyuta huku milimani ungemhesabu kwa kidole kimoja, na kidole hicho kilikuwa mimi.

Shule moja ya sekondari Nyakarenzo ikanichukua. Kuna mradi wa wafadhili ulikuwa umewapa kompyuta kumi na moja zilizotumika, printa moja na kitabu cha mtaala chenye mazoezi kumi na mawili. Masharti yalikuwa mepesi kuyaelewa: mwisho wa muhula mkaguzi wa mradi anakuja, anataka kuona kila mwanafunzi amechapa kila zoezi. Asiporidhika, mashine zinapakiwa kwenye gari zinapelekwa shule nyingine.

Na mimi bila mashine ningekuwa nani pale mlimani? Mtu wa kuja tu.

Sasa kwa yule kijana wa juzi, mambo ya kuanza.

Usikubali mtu aingie na viatu. Udongo wa Nyakarenzo ukikauka unakuwa vumbi jekundu linaloingia hadi kwenye feni. Sisi viatu vilibaki mlangoni, jozi ishirini na sita.

Kabla ya kugusa mashine, wachoree kiibodi kwenye karatasi. Wangu walifanya mazoezi ya vidole wiki mbili juu ya karatasi. Siku ya kwanza ya kushika kipanya, mmoja alikiinua juu akakielekeza kwenye skrini kama rimoti. Sikucheka. Sawa, nilicheka.

Kompyuta ikiwaka na kukwambia imesahau saa na tarehe, usipige kelele za mashine mbovu. Ni kabetri kadogo ka duara ndani. Na radi za huku ni za kweli: mawingu yakitanda, chomoa kila kitu ukutani, hata kama uko katikati ya sentensi.

Mazoezi matatu ya kwanza yalikwenda vizuri. Kuandika aya, kukoleza herufi, kuandika barua. Wanafunzi wangu wengi walikuwa watu wazima, vita vilikuwa vimewachelewesha. Wengine walikuwa na miaka ishirini na kitu. Walikuwa wapole, wenye adabu, wakifanya kila ninachosema. Kipindi kikiisha wanavaa viatu, wanaondoka. Hakuna aliyebaki nyuma kuniuliza hata natoka wapi.

Niseme ukweli, mwaka ule nilikuwa peke yangu kama kijiko kwenye sahani ya wageni. Walimu wenzangu walinisalimia vizuri, kisha maneno yakaisha. Nilipanga chumba kimoja chini ya barabara. Nilijipikia, nikala nikitazama ukuta. Mpaka wa Congo ukifunguliwa, akina mama wafanyabiashara waliniletea salamu za wazee wangu Bukavu. Ukifungwa, hakuna salamu.

Nikaishi kwa kujisifu. Mkinijua mtanisamehe. Chumba cha walimu kizima kilijua habari za diploma yangu.

Tukafika zoezi la nne.

Zoezi la nne lilikuwa kutengeneza jedwali. Kichwa chake: "Familia yangu". Safu nne: jina, ni nani wako, kazi yake, anapoishi. Kitabu kilisema mwalimu atengeneze mfano, na kazi za wanafunzi zichapwe zibandikwe ukutani.

Mfano wangu ulikuwa mzuri, wakuu. Mistari minane. Baba, mstaafu, Bukavu. Mama, mfanyabiashara, Bukavu. Kisha ndugu zangu sita, kila mmoja na kazi yake, wote Bukavu. Nikaupiga printa, nikaubandika mbele ya darasa.

Nikawaambia: "Mkimaliza, zenu zote zitajaza ukuta huu. Mgeni akiingia atawajua ninyi ni akina nani."

Walinyamaza. Nikadhani ni kimya cha kusikiliza.

Waliandika kwa zamu, vipindi vitatu. Nilisikia vitufe vikilia. Nilikaa mbele kwenye meza yangu, kwani hivyo ndivyo nilivyofundishwa, mwalimu anakaa mbele. Wakasevu kwenye disketi zao, wakanipa.

Jioni nikafungua disketi ya kwanza. Jedwali lipo, vichwa vya safu vipo, ndani hakuna kitu.

Ya pili, tupu. Ya tatu, mstari mmoja una jina la mwenye faili, mingine tupu. Zote ishirini na sita hivyo hivyo.

Nikajaribu mwenyewe. Nikaandika, nikasevu, nikafungua: maneno yapo. Fundi yeyote anajua hitilafu inayojificha ukiwepo ndiyo mbaya kuliko zote.

Nikasema disketi zimeoza. Nikaleta mpya kutoka Kamembe. Tukarudia. Tupu.

Nikasema ni kirusi. Hapo nikapata nguvu, kwa sababu kirusi ni adui anayehitaji mtu mwenye diploma. Nikamwambia Directrice, mkuu wetu wa shule, mama mmoja mtulivu aliyekulia Kamembe: "Maman Directrice, tumevamiwa na kirusi, kinakula majedwali. Ila nitakiua."

Akanitazama kidogo. "Kirusi kinakula majina ya batu tu?"

"Vipo vya kila aina," nikamjibu. Kwa sauti ya mtaalamu.

Jumamosi na Jumapili nikafuta kila kitu kwenye mashine zote kumi na moja na kuweka Windows upya. CD moja, mtu mmoja. Unasubiri inakili, unabonyeza, unahamia nyingine. Wenzangu walipita wakielekea misani, nikawasikia wakicheka barabarani. Nikajiambia wao wanacheka, mimi naokoa shule.

Jumatatu wakarudia zoezi kwenye mashine safi kabisa. Mkaguzi alikuwa anakuja Ijumaa.

Katikati ya kipindi, kidhibiti cha umeme cha safu ya nyuma kikaanza kulia. Nikaenda nyuma, nikapiga magoti chini ya meza kukaza waya. Ilikuwa mara ya kwanza muhula ule nasimama nyuma ya darasa langu mwenyewe.

Nilipoinua kichwa niliona skrini zote kwa mbele.

Zilikuwa zimejaa, wakuu.

Aliyekuwa karibu nami ni Vestine, mkubwa kwa umri darasani. Jedwali lake lilikuwa na majina matano. Safu ya kazi ilikuwa imejazwa nusu. Kishale kilisimama kwenye "anapoishi", kinawaka na kuzima. Kisha akaweka kidole kwenye kitufe cha kufutia, akafuta herufi moja moja, taratibu, jina baada ya jina, mpaka jedwali likabaki mifupa. Halafu akasevu. Kwa usahihi kabisa, jinsi nilivyomfundisha.

Mwenzake upande wa pili akafanya vile vile. Na yule wa mbele yake.

Nikabaki nimepiga magoti na bisibisi mkononi.

Kipindi kilipoisha nikamwomba Vestine abaki. Kijana mmoja, Faustin, akabaki naye mlangoni, kiatu kimoja mguuni. (Darasani tulichanganya Kinyarwanda, Kifaransa na Kiswahili chetu cha Kivu. Nawawekea Kiswahili.)

"Vestine, kwa nini unafuta?"

"Prof, kompyuta yako haina ugonjwa."

"Hilo nimeliona. Nauliza kwa nini."

Akatazama jedwali langu ukutani. "Ile yako imejaa. Bote banaishi. Miye nikifika ku 'anapoishi', niandike wapi? Baliuawa hapa hapa."

Faustin akasema kutoka mlangoni, bila kuniangalia: "Na miye papa yangu iko mu gereza. Unataka niandike 'gereza', kisha ubandike ku ukuta, karibu na karatasi ya Vestine?"

Vestine hakugeuka. Akasema tu, "Faustin, vaa kiatu twende."

Wakashuka mlima pamoja, kila mmoja upande wake wa njia.

Wakuu, mimi nimekulia Bukavu. Kule ukikutana na mtu, salamu ya pili ni "uko mutoto wa nani?" Usipouliza unaonekana mkatili. Kwa hiyo zoezi lile mimi niliona ni heshima. Sikujua kwamba huku nimerudi kwenye nchi ambayo, tangu mauaji ya kimbari ya 1994, watoto wa waliouawa na wa walioshtakiwa kuua walikuwa wamejifunza kuketi benchi moja kwa kutoulizana swali hilo.

Nikaenda kwa Directrice nikamweleza. Alisikiliza hadi mwisho.

"Nilifikiri unajua," akasema. "Weye si Munyarwanda?"

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana liliniingia.

Kisha akaniambia, "Prof, Ijumaa iko karibu. Jaza weye mwenyewe. Majina ni majina, mkaguzi hatauliza kaburi. Tusipoteze mashine."

Nikarudi kwenye chumba cha kompyuta, nikakaa kwenye kiti cha Vestine. Nikaandika: Baba. Mkulima. Nyakarenzo. Nikayatazama maneno hayo matatu. Nilikuwa nimemfufulia baba yake kwa sekunde tano na sikuwahi kumuuliza hata jina lake.

Nikafuta.

Na nikiwa pale nikakiri jambo moja peke yangu, sasa nalikiri kwenu. Jedwali langu la ukutani lilikuwa na uongo. Kaka zangu wawili walikuwa wamekwenda kutafuta maisha upande wa Walikale, ndani kabisa ya Congo, kabla vita havijawaka. Hatukuwa na habari zao kwa zaidi ya mwaka. Niliwaandika "Bukavu" kwa sababu nilitaka mistari yangu minane iwe imekamilika mbele ya darasa. Nikaubandua mfano ule.

Siku tatu zilizobaki tulitengeneza jedwali jingine: mazao ya nyumbani. Zao, mwezi wa kupanda, mwezi wa kuvuna, lawama ya mwaka huu. Safu hiyo ya nne waliiomba wenyewe. Chumba kikapata kelele kwa mara ya kwanza. Wanaotoka Gitambi na wanaotoka Mururu walibishana kuhusu mihogo hadi Directrice akachungulia dirishani. Faili zote zilifunguka zimejaa.

Ijumaa mkaguzi akaja, bwana mwenye miwani na kalamu tatu mfukoni. Akapitia karatasi, akapigia alama, akafika la nne.

"Hili si zoezi la kitabu. La familia liko wapi?"

Wanafunzi wote walikuwa chumbani, wengine kwenye mashine, wengine kwenye mabenchi wakingoja zamu. Hakuna kitufe kilicholia.

Ningeweza kusema kirusi. Shule nzima ilikuwa inangoja niseme kirusi, kilikuwa tayari na ushahidi wa Jumamosi na Jumapili. Lakini angetaka warudie hapo hapo mbele yake. Ningeweza kusema ukweli wote, na Vestine na Faustin wangetazamwa.

"Sikuweza kulifundisha," nikasema.

"Hukuweza? Jedwali umelifundisha hapa."

"Hilo la familia sikuliweza. Kosa ni la mwalimu. Wanafunzi jedwali wanalijua, umeona."

Akanitazama juu ya miwani. "Na diploma unayo?"

"Ninayo."

Akaandika muda mrefu.

Mashine zilibaki. Kazi za wanafunzi zilitosha. Ila ripoti ilisema mwalimu hamudu mtaala, na muhula uliofuata wakaleta kijana kutoka Butare awe mkuu wa chumba cha kompyuta. Nikawa msaidizi wake. Mimi, wa mafuta ya taa. Alikuwa anakosea hata kuchomeka printa, na nilinyamaza siku mbili kabla ya kumwonyesha. Mnisamehe, mimi ni binadamu.

Jumapili baada ya ukaguzi nilikuwa chumbani kwangu nachambua maharage. Mlango ukagongwa. Sikuwa nimewahi kusikia mlango ule ukigongwa, nilidhani ni wa jirani.

Vestine alikuwa amebeba mihogo kwenye kikapu. Faustin alikuwa nyuma yake, mbali kidogo.

"Prof, tumekuja kukutembelea."

"Karibuni."

Wakaingia. Nikagundua nina kiti kimoja. Mwaka mzima, kiti kimoja. Vestine akakaa hapo, Faustin akakaa kizingitini, mimi kitandani. Tukaongea mihogo, mvua, na yule kuku wa Directrice anayetagia kwenye kabati la chaki. Hakuna aliyemuuliza mwenzake habari za nyumbani. Walikaa kama saa moja, wakaaga.

Walipoondoka chumba kilikuwa kimya kuliko kabla hawajaja. Kesho yake nikaenda kwa seremala nikaagiza viti viwili.

Kaka zangu hadi leo sina habari zao. Nimesoma kozi tano zaidi ya ile diploma, nimefundisha nusu ya mafundi kompyuta mnaowaona Kamembe, na bado kwenye fomu yoyote yenye mstari wa ndugu napita haraka.

Kwa hiyo kijana wa juzi, mafunzo yangu ni haya: faili ikifunguka tupu, kabla hujagusa mashine, nenda kasimame nyuma ya wanaoandika. Na mtaala uliotungwa mbali usome kwanza kwa macho ya yule anayekaa kiti cha mwisho.

Wale walimu wenzangu, na hasa mliorudi nyumbani mkakuta nyumbani penyewe hapawajui: mngemjibu nini mkaguzi? Mnaoona nilikosea kubeba lawama peke yangu, semeni pia. Nitasoma yote, leo niko nyumbani siku nzima.