Barua Zilizoshuka Nusu

"Mwanamke aliye edani hatoki kwenda kuchezea kompyuta Ukunda!" Shutu alisema, amesimama mlangoni, mwili mzima umeuziba.

"Nionyeshe kaburi, Mama, nami nitakaa ndani," Kanze akamjibu kutoka mkekani. "Redio ilisema meli imezama. Haikusema Garama amezama."

"Na mwanangu alikuwa wapi? Juu ya mnazi?"

Mimi nilikuwa nachambua mchicha, nikanyamaza, jambo ambalo halijaonekana Kinondo tangu enzi za Mreno. Kanze ni mjukuu wangu, Shutu ni mama wa mumewe. Ukiingia kati ya hao wawili, watoka huna sikio.

Kanze nilimlea mwenyewe kule Kinango, kabla sijahamia hapa Kinondo. Alisomea kupiga chapa, akapata kazi katika ofisi moja ya forodha Mombasa. Garama, mpishi wa meli, alikwenda pale kujaziwa fomu. Kesho yake akarudi kujaziwa ileile. Siku ya tatu akaja na papa mkavu, na Kanze akaelewa kuwa huyu hana shida ya fomu.

Walipooana wakakaa Tudor. Garama akanunua kompyuta kuukuu kwa nahodha wake, wakavuta simu, wakajiunga na kampuni ya mjini inayowawekea watu barua zinazopita ndani ya waya. Kila bandari aliyofika alimwandikia mkewe. Mimi niliwaambia wanawake wa hapa kwamba mashine ile hulishwa machicha ya nazi, na mwaka jana ilitaga. Wako walionijia kuomba yai.

Kisha redio ikatangaza kuwa meli imezama ng'ambo ya Sokotra, na baadhi ya mabaharia wameokolewa. Siku hiyohiyo wakweze wakamvusha Kanze feri, wakamleta Kinondo, wakamvika kaniki ya ujane. Wenye meli walisema wataiandikia kila familia. Anwani aliyowaachia Garama ni ileile ya waya, na kompyuta imebaki Tudor, nyumba imefungwa.

Lakini Philister mwenye kompyuta Ukunda alisema barua zaweza kuvutwa kutoka popote. Mashine yake itapiga simu kwa kampuni ile ya Mombasa, itataja jina la Kanze na neno lake la siri, na barua zitashuka kwake.

"Nipe hilo neno, shemeji, niende mimi," Kitsao, nduguye Garama, akasema.

Kanze akainamisha kichwa. Neno lenyewe ni jina analoitwa na Garama mlango ukishafungwa. Atamtajia vipi shemeji, na mama mkwe anasikia?

"Ninong'oneze mimi, mke mwenzangu," nikamwambia. Baina ya bibi na mjukuu hakuna haya. Akaninong'oneza. Nilicheka, ingawa haikuwa siku ya kucheka. Nanyi siwaambii.

Philister ni Mluhya wa Butere. Alikuja pwani kufanya kazi hotelini, hoteli ikafungwa baada ya fujo kuwafukuza watalii, naye akafungua kibanda cha kupiga chapa. Nilipofika kwake nikamtilia neno sikioni, akaniangalia, akaliandika. Mashine ikalia kama komba aliyebanwa mkia. Laini ikakatika. Akapiga tena, ikakatika. Mara ya tatu barua ikashuka, ya Garama mwenyewe! Akaitoa kwenye karatasi, akarudi kuvuta zilizobaki, na umeme ukapotea Ukunda nzima.

"Enda tu nyumbani, shosho," akaniambia. "Stima ikirudi nitavuta zingine, nilete mwenyewe."

Basi nikarudi, na kwa mara moja maishani sikutia chumvi. Nikampa Kitsao karatasi, akasoma kwa sauti: "Kanze, vitunguu vyote vimeoza, nahodha anakula wali na hasira. Mwambie Mama nimemnunulia leso mbili, asigombane na mtu mpaka nije nishuhudie. Nikifika Salala nitakuandikia."

Shutu akapiga kigelegele, kuku wakatawanyika uani. "Mwanangu yu hai! Mvueni huyu kaniki! Wewe nawe, umekaa hapo kama mjane, wamtakia mwanangu nini?"

"Nipe hiyo karatasi, shemeji," Kanze akasema.

Aliangalia juu kabisa, pale ambapo Kitsao hakusoma. Kisha akaikunja.

"Ni ya Jumatano, Mama. Meli ilizama Jumamosi. Mashine huanza kushusha za zamani."

"Uongo!"

"Zimebaki nyingine."

"Mke gani wewe? Wataka afe?"

"Asubuhi nilitaka awe hai, ukanizibia mlango!"

"Kitsao, kamata kuku yule mwekundu," Shutu akasema, hamwangalii tena Kanze. "Na mchele mutoe. Watu wakija wakute tumepika. Hizo nyingine ni za Salala, amesema mwenyewe ataandika akifika, hukumsikia? Bi Mbodze, mwambie mjukuu wako, wewe ndiwe uliyekuwa huko, mwambie…"

Nikafungua kinywa. Uongo ninao mwingi, wa kila rangi, lakini siku hiyo haukuja hata mmoja.

"Mwambie basi! Zilizobaki ni za…"

Hakuna aliyesikia hodi. Philister alikuwa kizingitini, viatu mkono mmoja, karatasi mkono wa pili, naye ambaye sijapata kumwona amefunika kichwa hata akienda kanisani, alikuwa amejitanda leso kama waingiao matangani.