Mbwa wa Masikio Marefu

Juzi nilimwona mbwa wa kuwinda wa Kifaransa, miguu mifupi, masikio yakiburutika chini. Nikamkumbuka yule ambaye Mfaransa aliyemwajiri mama alimwachia aliporudi kwao. Kila alasiri, pale kwetu Kariobangi, mama aliyasafisha masikio ya mbwa huyo yenye uvundo kwa pamba na maji ya vuguvugu. Nilimchukia mbwa yule.

"Yangu huyaoshi hivyo," nilimwambia mama.

"Wewe una mikono," akajibu bila kuniangalia.

Alasiri moja nilimpeleka mbwa nyuma ya soko, nikamwacha, nikakimbia. Nilipokaribia mlango nilimsikia akibweka kwa sauti nzito. Alikuwa anakuja, pua chini. Nilidhani anakuja kunishtaki kwa mama, nikamrushia jiwe, likampata jichoni. Sasa najua alikuwa akifuata harufu ya nyayo zangu. Siku hiyo sikujua; niliokota jiwe la pili.